Ule Mrefu: Maisha ya Mzee Sifaeli Abdiel Akyoo, Fundi Bati na Mpiga Besi wa Akheri

Mheshimiwa Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu wa ukoo wa Akyoo, wakwe zetu mlioondoka Kilimanjaro alfajiri ili mtuwahi, majirani zetu wa Akheri, na ninyi mafundi wa Levolosi mliofunga vibanda vyenu leo kwa ajili ya mwenzenu, poleni kwa msiba, poleni na safari. Mimi ni Vaileth, mtoto wa dada yake marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya mjomba wangu, ikaniagiza nisome taratibu, nisiruke kitu, hata mambo yale ambayo kila mtu hapa anayajua na hakuna aliyewahi kuyasema mbele ya kadamnasi.

Marehemu Sifaeli Abdiel Akyoo alizaliwa tarehe 14 Juni 1950 hapa hapa Akheri, katika nyumba iliyokuwa pale penye mti wa parachichi, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Abdiel Akyoo, mkulima wa kahawa, na Mama Nosim, binti wa Waarusha wa upande wa magharibi wa mlima. Baada yake alizaliwa mama yangu mzazi, na mwaka 1958 akaja kitinda mimba, Emmanuel, ambaye marehemu alimbeba mgongoni kila alipokwenda, kisimani, shambani, kanisani, mpaka majirani wakawa wanasema mtoto huyu hana miguu, ana Sifaeli.

Alianza shule ya msingi hapa Akheri mwaka 1959 na kumaliza darasa la nane mwaka 1966, akapata kipaimara mwaka 1965, na kama walimu wake wangekuwa hai wangekubali kwamba hakuwa mjinga hata kidogo, ila akili yake yote ilikuwa kwenye kundi la matarumbeta la kanisa. Alipewa tarumbeta ya zamani iliyotoboka, tundu lake limezibwa kwa nta, na kila jua lilipowaka nta iliyeyuka, sauti ikatoka pembeni kama mbuzi anayekohoa, watu wakacheka ibadani. Jambo hilo lilimuuma kijana Sifaeli kuliko viboko, naye akaapa kwamba atajifunza kuziba tundu lile kwa namna ambayo halitafunguka tena, na hivyo ndivyo mtu alivyoingia katika ufundi bati, si kwa kutafuta riziki, bali kwa kutafuta sauti.

Mwaka 1968 aliteremka mjini Arusha kujifunza kazi kwa fundi mmoja mzee, akajifunza kukata bati, kukunja, kugonga na kulehemu, na mwaka 1974 akafungua kibanda chake Levolosi, alikofanya kazi kwa miaka hamsini akitengeneza ndoo, makarai, majiko na mifereji ya kukingia maji ya mvua. Jumamosi jioni alirudi Akheri na chuma cha kulehemia mfukoni, na hakuna tarumbeta iliyopigwa katika mtaa wetu wa kanisa ambayo haikupita mikononi mwake angalau mara moja. Alimfundisha mdogo wake Emmanuel kupuliza, na alipoona mdogo amempita, kwa maana Emmanuel alikuwa na mdomo ambao Mungu hautoi mara mbili katika kijiji kimoja, hakuona wivu, alimwachia tarumbeta ya kwanza na yeye mwenyewe akajivika besi, lile pembe kubwa linalokaa begani kama nira, akasema nyumba hushikiliwa na msingi, si paa, maneno ya ajabu sana kutoka kwa mtu anayekula kwa mabati.

Mwaka 1979 binti mmoja wa Kichaga aitwaye Evaresta, aliyekuwa akiuza vitambaa karibu na kibanda chake, alinunua ndoo, akairudisha kwamba inavuja, fundi akaiziba, binti akairudisha tena, na ikarudi mara nyingi kiasi kwamba mafundi wa jirani walianza kuiita ile ndoo shemeji. Mpaka leo Evaresta, Mama Lilian wetu, anashikilia kwamba ndoo ilikuwa inavuja kweli, na sisi familia tumeamua kumwamini. Wakwe walikuwa Wakatoliki, hawakufurahi haraka, babu mmoja aliuliza Mmeru ana mlima gani wa kumwoa binti wa Kilimanjaro, lakini mazungumzo yalikwenda vizuri, mbege ikanywewa, na Jumamosi ya tarehe 13 Desemba 1980 wakafunga ndoa takatifu. Mungu aliwajalia watoto watatu, Lilian aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1982, Ndesanjo aliyezaliwa mwaka 1985, na Evelyn aliyezaliwa mwaka 1991.

Sasa, ndugu waombolezaji, ili mwelewe mtu huyu ni lazima niwaeleze kuhusu radio kaseti. Mwaka 1988 alikuja kibandani mpishi mmoja aitwaye Reginald, aliyefanya kazi Sekei kwa daktari wa mifugo wa kizungu, akaleta radio ya bosi wake iliyovunjika antena ili ilehemiwe. Kazi ilipokwisha, Reginald alirudi na habari kwamba bosi amekwisha kurudi kwao ghafla na kwamba radio ni ya fundi kama anaitaka, na ndani ya radio ilikuwemo kanda isiyo na maandishi hata herufi moja. Marehemu aliibonyeza, akasikia matarumbeta, kisha kwaya kubwa, wanaume na wanawake, wakiimba kwa lugha asiyoijua wimbo mrefu uliopanda na kushuka na kupanda tena. Hakujiuliza ni wimbo gani, kwa maana kwetu sisi watu wengi wakiimba pamoja kwa sauti nne, na tarumbeta ziko nyuma yao, mtu hana haja ya kuuliza, hao wako kanisani. Alichukulia kwamba ni pambio la Wakristo wa mbali, akaupenda, akawa anausikiliza akigonga bati, akautoa sauti moja moja kwa masikio, na Lilian, aliyekuwa na miaka sita na aliyependa kushinda kibandani siku za likizo, akawa anaimba sauti ya juu kwa maneno yake ya kubuni, kuhusu ndoo na paka.

Tarehe 19 Agosti 1989 Lilian alifariki kwa surua, akiwa na miaka saba. Familia haina maneno ya kuongeza hapo. Siku ya maziko kundi lilitaka kupiga wimbo wa watoto wa kitabuni, marehemu akasema hapana, akakaa na Emmanuel na wenzao usiku na mchana uliotangulia, akawafundisha ule wimbo wa kwenye kanda, akaupunguza mwendo mpaka ukawa wa kutembea nyuma ya jeneza dogo, na ukapigwa pale migombani, Emmanuel mbele, marehemu na besi lake nyuma, bila kukosea hata mahali pamoja. Mama Lilian anasema siku ile hakusikia mahubiri wala pole za watu, alisikia wimbo tu, na kwamba kila ulipodhaniwa umekwisha uliendelea, naye akashukuru kwamba unaendelea, kwa maana ulipokwisha ndipo walipoanza kufukia.

Baada ya hapo watu walianza kuuomba. Haukuwa na jina, wakauita Ule Mrefu, na aliyefiwa alikuja kwa marehemu akasema, fundi, mama ametutoka, tunaomba Ule Mrefu, hapakuwa na haja ya kueleza zaidi. Kwa miaka zaidi ya ishirini watu wa mteremko huu wamekwenda kaburini na wimbo huo, wazee wa kahawa, akina mama wa kikundi, vijana wa ajali, na mwaka 2004 Mama Nosim mwenyewe, mama yao Sifaeli na Emmanuel, aliyezikwa huku Emmanuel akipuliza macho yamefumba na machozi yanashuka juu ya tarumbeta.

Ijumaa ya tarehe 2 Julai 2010 mnaikumbuka. Ilikuwa robo fainali ya Kombe la Dunia, Ghana peke yao ndio walikuwa wamebaki kwa Afrika nzima, televisheni ilikuwa imewekwa katika ghala la ushirika, na Akheri yote ilikuwa humo, hata wasiojua mpira una pande ngapi. Timu zikapanga mstari, ukapigwa wimbo wa taifa wa wapinzani, Uruguay, na sauti ya kwanza tu ilipotoka, ndugu zangu, watu walisimama. Hawakuambiwa. Wazee walivua kofia, akina mama waliweka mikono vifuani, bibi mmoja akaanza kulia kwa ajili ya mumewe, na ilichukua muda kabla watu hawajaanza kutazamana, kisha kumtazama Mzee Sifaeli, aliyekuwa amesimama kama sisi wengine, mdomo wazi.

Labda mambo yangeishia kwenye vicheko kama mechi ingekwisha vizuri. Mnajua ilivyokwisha, mpira ulikuwa unaingia wavuni, mchezaji mmoja wa Uruguay akaudaka kwa mikono kama golikipa, Ghana wakapewa penalti wakagonga mwamba, na mwisho wakatolewa kwa matuta. Watu walitoka ghalani wakiwa na uchungu wa aina mbili na hawakuweza kuutenganisha, mzee wa kanisa Mama Agnela akasema kwa sauti mbele ya wote, "Kumbe baba yangu nimemzika na wimbo wa wezi," na Jumapili ile ile baraza la wazee wa mtaa likaamua kwamba Ule Mrefu usipigwe tena, si kanisani, si makaburini.

Marehemu aliupokea uamuzi huo. Ambalo hakuweza kulipokea ni lile la siku iliyofuata, mdogo wake alipokwenda mpaka Levolosi, akaweka tarumbeta juu ya meza ya kazi katikati ya vipande vya bati, akasema, "Kaka, mama yetu hakuwa mgeni katika nchi hii, na wewe umenifanya nimzike kama askari wa nchi ya watu. Nenda kwa wazee ukaombe radhi, uwaombe na waliolala, halafu nitarudi." Marehemu akamjibu kwamba haendi. Emmanuel akageuka akaondoka, na ndugu hawa wawili, ambao nyumba zao zimetenganishwa na mfereji wa maji ambao mtoto anauruka, hawakusemeshana tena kwa karibu miaka kumi na mitatu.

Wengi walisema ni kiburi, na mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao. Lakini marehemu alimweleza mkewe mara moja, na Mama Lilian ameturuhusu tuyasome maneno hayo leo, alisema, "Nikisema nilikosea, itanipasa niende migombani nimwambie Lilian anirudishie wimbo wangu." Aliendelea kuja kila Jumapili na besi lake, akapiga kila wimbo aliopangiwa, akaziba kila tarumbeta iliyotoboka, na kila maziko yalipofika alipiga wimbo wa kitabuni kwa uaminifu, akijua wenye msiba wanasikiliza wimbo mwingine ambao haupigwi.

Badala ya kuomba radhi alianza kuichunguza nchi ile, kama mzazi anayekwenda kuulizia ukoo wa mchumba baada ya harusi kwisha. Evelyn, aliyekuwa akisoma mjini, alimchapishia picha ya ngao yao ya taifa, naye akaikata kwenye bati na kuigonga vizuri, akaitundika kibandani, jua lenye uso linachomoza juu, na chini yake vyumba vinne, katika kimoja mizani kwa ajili ya usawa, katika kingine kilima chenye ngome kwa ajili ya nguvu, halafu farasi asiye na hatamu kwa ajili ya uhuru, na ng'ombe kwa ajili ya neema. Kila mteja alisomewa ngao hiyo kabla hajapewa ndoo yake. Alieleza kwamba ni nchi ndogo iliyobanwa kati ya nchi kubwa mbili, kwamba ng'ombe wao ni wengi kuliko watu, na kwamba watu wanaoweka ng'ombe kwenye ngao ya taifa hawawezi kuwa wabaya wote, wamekosea mpira tu. Kijana akiuliza mbona kilima chenyewe ni kidogo hivi, alimjibu, "Mwenye kilima kimoja hukipenda. Sisi tuna Meru hii nzima, na ngao yetu wameweka Kilimanjaro," na Mama Lilian, kama alikuwepo, aliinua kidevu kidogo kwa niaba ya mlima wa kwao.

Levolosi wakamwita Balozi, na kibanda kikawa Ubalozini, vijana wakipita walisema, "Shikamoo Balozi, viza yangu imetoka?" naye akawajibu, "Marahaba, lete kwanza ada ya ndoo ya mama yako." Alifurahi sana Evelyn alipomwambia kwamba ua la taifa lao ni jekundu na mti wake ni wa jamaa moja na huu wetu wenye maua mekundu tunaoupanda kwenye mipaka ya mashamba, akasema basi tumepakana nao. Evelyn akamwambia tena kwamba wana ndege wao wampendaye sana, ambaye hupiga kelele upande mmoja wa uwanja ili adui asijue kwamba mayai yako upande mwingine, na Mama Lilian akasema huyo ndege anamfahamu, amekaa naye nyumba moja tangu mwaka 1980. Alikuwa anatania, lakini alisema kweli, kwa sababu marehemu alipiga kelele za ng'ombe na kilima mchana kutwa, na maumivu yake yalikuwa hapa migombani.

Tarehe 17 Februari 2023 Elizabeth, mke wa Emmanuel, alifariki baada ya kuugua muda mrefu. Katika ugonjwa wake alikuwa amemwomba mumewe Ule Mrefu, na Emmanuel akamjibu kwamba wazee wamekataza, jambo ambalo ni kweli, ingawa kilichokatazwa na wazee huweza kuombwa kwa wazee, naye hakwenda kuomba. Siku ya maziko ulipigwa wimbo wa kitabuni, ukaisha, Mchungaji akamaliza ibada, na watu walipoanza kushika majembe, akina mama waliomuuguza Elizabeth wakaanza kuvumisha Ule Mrefu, midomo imefungwa, bila tarumbeta, bila mtu wa kuongoza, kwa mwendo ule ule wa Lilian. Marehemu alikuwa amesimama na besi begani, angeweza kuingia, na kila mtu alimtazama aone kama ataingia. Hakupuliza. Alilishusha besi chini, akachukua jembe, akaanza kumfukia shemeji yake taratibu, na sauti ya akina mama ikaenda mpaka mwisho.

Jumatatu ya Pasaka mwaka ule Emmanuel aliuvuka mfereji akiwa na jani la sale mkononi, limefungwa fundo. Wageni wetu mnaotoka mbali mjue kwamba kwetu, na kwa wakwe zetu wa Kilimanjaro pia, mtu akikujia na sale anaomba amani, na aliyeletewa hana ruhusa ya kulikataa, hata kama ameuawa mtu. Lakini wazee wanajua pia kwamba miaka yote ile Emmanuel ndiye aliyekuwa akilisubiri jani hilo kutoka kwa kaka yake. Alisimama mlangoni akasema, "Kaka, nimekuwa nikikudai kitu ambacho huna namna ya kukitoa." Marehemu alilipokea jani kwa mikono miwili, akamwangalia mdogo wake, mzee mwenzake sasa, kichwa cheupe, akasema, "Ingia, chai inapoa," na wakaingia, na Mama Lilian akatoka nje kwenda kulia na kuku.

Mwezi Mei mwaka 2024 marehemu alianza kupata shida ya kumeza chakula. Alipelekwa Hospitali ya Mount Meru, kisha KCMC Moshi, ambako aligundulika kuwa na saratani ya umio, akapata matibabu na kurudi nyumbani mwezi Oktoba, amepungua, sauti imebaki ya kunong'ona, lakini masikio yake yalikuwa yale yale. Emmanuel alihamia chumba cha pili. Alikuwa ameichukua tena tarumbeta yake, ila midomo iliyokaa miaka kumi na mitatu bila kazi ilikuwa imesahau, kwa hiyo alikaa kando ya kitanda akipuliza kile kidomo cha kupulizia peke yake, kinachotoa sauti ya nyuki, na marehemu akimpigia mwendo kwa kidole juu ya blanketi. Bariki, anayeliongoza kundi letu sasa, alikuja kuwatazama akiwa na simu, akawasikilizisha wimbo wenyewe unavyopigwa huko kwao, haraka na kwa shangwe kama wa harusi, akauliza kama haingefaa kuurekebisha. Marehemu akamnong'oneza, "Hao wanaupiga wakiwa wazima, mwanangu. Sisi tunawapigia waliolala."

Kuhusu maziko yake mwenyewe hakutoa amri. Mchungaji alipomuuliza anataka nini, alisema kama wote hawajakubaliana usipigwe, kwa sababu wimbo wa kugombania si wa kuzikia mtu. Tulijua alichokuwa anakitamani. Sisi tuliokuwa tukimgeuza kitandani tulijua, na yeye alijua kwamba tunajua, naye akatuachia uamuzi wote bila kutuomba, na hilo lilikuwa zito kuliko kama angeomba.

Marehemu aliaga dunia nyumbani kwake Akheri, Alhamisi ya tarehe 6 Machi 2025 asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na minne, mkono mmoja ukiwa kwa mkewe na mwingine kwa mdogo wake. Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watano, ndugu, na sisi wapwa ambao sasa hatuna pa kumshtaki mtu akitutania.

Jumamosi baraza la wazee lilikutana, na Mchungaji hakuhubiri, aliuliza tu, "Nani katika kikao hiki hajazikiwa mtu wake na wimbo huo?" Hakuna aliyenyoosha mkono. Ndipo Mama Agnela, ambaye sasa ana miaka themanini na miwili, alipoinuka kwa fimbo yake, akasema, "Mimi ndiye niliyesema usipigwe. Nilikasirishwa na mpira, nikaenda kuwaadhibu waliolala. Baba yangu alizikwa vizuri. Acheni fundi naye azikwe vizuri." Kikao kilikwisha hapo, na wote wamekubaliana, kama marehemu alivyotaka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mount Meru na KCMC kwa mikono yao, inawashukuru majirani waliokata majani ya ng'ombe wetu bila kuombwa, akina mama wa kikundi kwa uji na kwa zamu za usiku, mafundi wa Levolosi waliomalizia ndoo na mifereji aliyoiacha njiani na kuwakabidhi wateja, Mchungaji na wazee, kundi la matarumbeta, na wakwe zetu wa Kilimanjaro ambao tunawaahidi kwamba ule mjadala wa milima hautaendelea leo. Tunawashukuru pia watu wa Uruguay, ambao hawatujui wala hawatasikia salamu hizi, kwa kutuazima wimbo wao miaka yote hii bila kujua kwamba wametuazima, na tunawaombea ng'ombe wao wazaane. Na kama yupo hapa atakayeutambua wimbo huo muda si mrefu, tunamwomba asisimame kwa ajili ya bendera yoyote, asimame kwa ajili ya mtoto wa miaka saba aliyetangulia nao.

Mjomba Emmanuel, kundi linakusubiri, nenda mbele, pale pako.

Na wewe Baba Lilian, ulikataa kuomba radhi kwa wimbo uliomsindikiza mwanao, ukakubali kumkosa mdogo wako, ukakubali kuitwa mwenye kiburi, ukakubali hata kuzikwa bila huo wimbo, na leo watu wote hawa wamekuja, na hakuna hata mmoja anayekudai radhi hiyo. Pumzika kwa amani.